Kabla ya Bombay Kulikuwa na Vyungu

Ukimwuliza kijana wa leo ni nani anayemvutia maishani, jibu lake mara nyingi huja likiwa limebeba mali: mtu huyo amejenga wapi, anaendesha gari gani, alianza na mtaji wa shilingi ngapi na sasa anafuatwa na watu wangapi mtandaoni. Silaumu jibu hilo, kwa maana vijana wengi wanahangaika na ajira na wana haki ya kutafuta mwanga popote wanapouona. Kinachonisumbua ni kwamba jibu hilo linachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha siku nyingi, yaani kumstaajabia mtu na kufuata nyayo zake. Unaweza kumstaajabia mtu miaka ishirini bila kubadili hata saa unayoamka, lakini ukifuata nyayo zake huna budi kutembea. Nimeona nilitazame jambo hili kupitia maisha ya Siti binti Saad wa Unguja, kwa sababu ni mmoja wa watu tunaowataja sana kila tunapotaka mfano wa kuigwa, na kwa sababu naamini tumezoea kumsimulia kwa namna inayotunyima kile hasa alichotuachia.

Masimulizi ya kawaida yanakwenda hivi. Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa mzaha katika zama zile, kwani utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria za Zanzibar mpaka mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo kwa miaka mingine 12, hadi 1909. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, akapata jina jipya la Siti, jina la heshima lenye asili ya Kiarabu analoitwa bibi mwenye cheo chake. Mwaka 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani za santuri zikaichukua sauti yake kila mahali Kiswahili kilipofika. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Kila kitu katika simulizi hilo ni kweli, lakini likisimuliwa hivyo tu linageuka kuwa mstari ulionyooka kutoka kwenye kaniki hadi kwenye santuri, na miaka 30 ya mwanzo ya maisha ya mwanamke huyo inakuwa utangulizi tu, jambo la kuharakishwa ili tufike pale panapong'aa. Msikilizaji anaondoka akiwa ameambiwa kwamba umaskini ni ngazi, na kwamba mwenye kipaji ataonekana tu siku moja. Anaondoka amefurahi, ila hana cha kufanya kesho yake asubuhi. Mimi ningependa turudi nyuma, tukae Fumba kwa muda, maana kabla ya Bombay kulikuwa na vyungu.

Mama yake Siti alikuwa mfinyanzi, na binti akairithi kazi hiyo kama ilivyokuwa desturi. Aliyewahi kukaa karibu na mfinyanzi anajua kwamba kazi ile haimvumilii mtu mwenye pupa. Udongo huchimbwa, ukachambuliwa vijiwe na mizizi, ukalowekwa, ukakandwa mpaka ukawa laini mkononi kama unga wa maandazi. Chungu hupandishwa kwa vidole, tabaka juu ya tabaka, kisha huachwa kivulini kikauke polepole, kwa sababu kikikimbizwa juani hupasuka. Hata baada ya kusubiri kwa siku kadhaa, bado kuna moto wa kukichomea, na hapo mfinyanzi huweza kupoteza nusu ya kazi yake kwa upepo mbaya wa jioni moja. Vile vinavyosalimika ndivyo vinavyokwenda sokoni. Siti alivipanga kichwani juu ya kata, akatembea kutoka shamba hadi mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 15 kwa miguu, akipita mitaani na kunadi.

Katika kunadi huko ndipo sauti yake ilipopikwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipita kuuza, watu waliitambua sauti yake kutoka mbali kabla hawajamwona, na wanawake waliokuwa ndani wakatoka nje kabla hajabisha hodi. Tunapolisikia jambo hili tunapenda kusema kwamba alizaliwa na kipaji, na huenda ni kweli, lakini tufikirie pia mchuuzi anahitaji sauti ya namna gani. Inapaswa kupenya ukuta wa mawe na chokaa bila kuwa kelele. Inapaswa kudumu tangu asubuhi hadi alasiri, huku shingo imebeba uzito, kwa hiyo pumzi lazima itoke tumboni na igawanywe kwa hesabu. Maneno lazima yasikike wazi, kwa sababu mwenye nyumba asiyeelewa unachouza hafungui mlango. Na mchuuzi ana mwalimu mkali kuliko walimu wote wa muziki, kwani akikosea anarudi nyumbani na mzigo uleule kichwani. Mwanamke aliyepitia shule hiyo kwa miaka, kisha akasimama mbele ya hadhira ya taarabu, hakuwa ameiacha kazi ya zamani na kuanza nyingine. Alikuwa amebadili bidhaa.

Jambo la pili ambalo simulizi la kawaida linalipita haraka ni watu waliomfundisha. Taarabu aliyoikuta mjini haikuwa ya watu kama yeye. Ilikuwa imeingia Unguja kupitia kasri, katika enzi za Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikiwa na ala za Misri na mashairi ya Kiarabu, na hata ilipotoka kasrini ilikaa mikononi mwa wanaume wa vilabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Mwanamke wa shamba, tena mwenye asili ya utumwa, hakuwa na kiti humo. Aliyemfungulia njia ni Muhsin Ali, mwanamuziki aliyeisikia sauti yake, akaona thamani yake, akakaa chini kumfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka maneno ya Kiarabu. Siti hakuwa amesoma shule. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu na subira, vitu viwili ambavyo ufinyanzi na uchuuzi huvinoa kwa pamoja, naye akavitumia kuyaweka kichwani mashairi marefu ya lugha ambayo hakuzaliwa nayo.

Nasikitika kila ninapoona kwamba Muhsin Ali hatajwi kwingine isipokuwa katika sentensi moja ya habari za Siti. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Siti sifa. Nasema hivyo kwa sababu kijana anayeambiwa kwamba mtu mkubwa alijijenga mwenyewe anafundishwa kutotafuta mwalimu, na mtu mzima anayeambiwa hivyohivyo anasamehewa wajibu wa kufundisha. Nyuma ya sauti iliyofika Bombay kulikuwa na mtu aliyetumia muda wake mwingi kurudia mstari mmoja na mwanafunzi mmoja, bila santuri yoyote kumsubiri mwishoni. Kulikuwa pia na wenzake wa kundi, akina Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, ambao walitunga, wakapiga ala, wakasafiri naye na kushiriki katika kila kilichopatikana na kila kilichopotea.

Kituo cha kundi hilo kilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wenye vipato vidogo, waliokuwa watumwa, wavuvi, wapagazi, wachuuzi na wageni kutoka bara. Kila jioni watu walikusanyika nyumbani kwa Siti. Aliyekuwa na habari alikuja nayo: nani kaachwa, nani kadhulumiwa mahakamani, kadhi kaamua nini, tajiri gani kamdhulumu nani. Habari hizo zilijadiliwa, zikachekwa, zikaliliwa, na nyingine zikageuka kuwa mashairi. Siti aliimba hata mbele ya Sultani, lakini nyimbo zilizomfanya awe wa watu zilitoka katika baraza hiyo, na ziliimbwa kwa Kiswahili.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa maana hapa ndipo ninapoona alivyoanza kubadili maisha ya wengine. Kuhama kutoka Kiarabu hadi Kiswahili si suala la lugha peke yake. Msikilizaji wa Ng'ambo aliposikia wimbo wa Kiarabu ukipigwa kwa ustadi, alijua kwamba kuna uzuri duniani na kwamba uzuri huo una wenyewe. Aliposikia ustadi uleule ukipigwa juu ya maneno anayoyasema jikoni kwake, akisimuliwa kisa cha mtu anayemjua wa mtaa wake, alijifunza jambo jingine kabisa: kwamba maisha yake yanastahili kuwekwa katika sanaa. Hakuna aliyemhubiria hivyo. Aliliona likitendeka mbele yake, jioni baada ya jioni, na mtu aliyelitenda alikuwa mwanamke aliyewahi kupita mlangoni pake na vyungu.

Wimbo wa Kijiti ni mfano mzuri. Unahusu mauaji ya mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyeuawa Unguja na mtu aliyejulikana kwa jina la Kijiti, ambaye baadaye alitorokea bara. Mwanamke yule hakuwa mtu wa ukoo mkubwa, na katika utaratibu wa kawaida wa mambo, kisa chake kingekwisha katika faili la mahakama na kusahauliwa baada ya msimu mmoja. Siti na wenzake hawakukubali kisahaulike. Walikiimba, kikarekodiwa, kikasikika mbali kuliko gazeti lolote la wakati huo lingeweza kukifikisha, kwa kuwa gazeti lilihitaji msomaji na santuri ilihitaji sikio tu. Karibu karne moja imepita, na bado tunalijua jina la muuaji, na tunajua kwamba mwanamke aliyeuawa alikuwa na watu waliomlilia hadharani.

Alilipa gharama ya nafasi hiyo. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumuuliza tangu lini amekuwa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki, na kama si hiyo sauti angekula nini. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa na maskini, kitambaa kizito cha rangi ya bluu nzito, na baada ya utumwa kufutwa wanawake wengi walifanya haraka kuliacha na kuvaa kanga ili wasitambuliwe kwa nguo. Kumkumbusha mtu kaniki lake mbele za watu kulikuwa kumrudisha kule alikotoka na kumfungia mlango. Siti alijibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo linalonifundisha zaidi kila ninapolifikiria. Hakukana kwamba alitoka shamba. Hakujitafutia nasaba ya kuazima, jambo ambalo lilikuwa la kawaida mno katika mji ambao watu waliweza kubadili kabila kwa kubadili mtaa. Alisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, na kwamba hasara ya kweli ya mwanadamu ni kukosa akili. Kwa maneno mengine, alikikataa kipimo chenyewe. Wasikilizaji wake wengi walikuwa na kaniki katika historia za nyumba zao, na sioni namna ambavyo wangeweza kulisikia jibu lile bila kunyoosha mgongo.

Sasa tuitazame athari hiyo ikifanya kazi ndani ya mtu mmoja. Miongoni mwa waliokuwa wakienda kusikiliza alikuwamo msichana aliyeitwa Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Hakuandikishwa katika darasa lolote. Alijipenyeza pale wakubwa walipokuwa wakiimba, akazidaka nyimbo kwa masikio, akaondoka nazo. Alizibeba nyimbo za Siti kwa miongo mingi, ukiwamo ule wa muhogo wa Jang'ombe ambao vijana wengi wa leo wanadhani ni wa Kidude mwenyewe, na alipopewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, akiwa bibi kizee mwenye sauti iliyokwaruza kama mawimbi juu ya changarawe, sehemu ya kile kilichotuzwa ilikuwa imepandwa Ng'ambo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Lakini tazama tofauti zao. Siti aliimba amejifunika uso, katika heshima na haya ya mwanamke wa Kiislamu wa zama zake, na sauti ikatoka nyuma ya kitambaa. Kidude aliliacha baibui, akaimba uso wazi, akapiga ngoma za unyago kwa mkono mzito, akavuta sigara mbele ya kila mtu na kusema yaliyomjia moyoni. Kama kuathiriwa na mtu kungekuwa kumwiga, basi Kidude angehesabiwa kuwa mwanafunzi aliyefeli. Ukweli ni kwamba alichukua kilicho cha ndani zaidi, yaani ile imani kwamba mwanamke wa kawaida anaweza kusimama mbele ya ala na kusema jambo kwa lugha yake mwenyewe, kisha akaliishi kwa tabia yake. Wako wanaodhani kwamba ili kumheshimu mtu lazima wavae kama yeye, wazungumze kama yeye na wapite alipopita. Ninaamini kwamba watu hao wanamtunza marehemu kama nguo iliyokunjwa sandukuni, haivaliwi wala haichakai.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Kidude ambalo wazee na wazazi tungepaswa kulitafakari kwa makini. Msichana anayesikiliza nyuma ya wakubwa hana muda maalumu aliopangiwa, na anayeimba hana habari kwamba wakati huo anamlea mtu. Siti hakuimba ili awe mfano wa kuigwa. Aliimba wimbo uliokuwa mbele yake, akaumaliza vizuri, akaingia katika mwingine. Kama angeimba vibaya usiku ule kwa sababu wageni walikuwa wachache, sijui msichana yule angeondoka na nini.

Hili si jambo la wasanii peke yao, nami nina ushahidi wake wa karibu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza unga na mchele barazani kwake kwa kutumia kibaba cha bati kilichopondeka upande mmoja. Wauzaji wengine mtaani walikuwa na desturi ya kukata kibaba kwa kiganja, ili unga uwe sawa na mdomo wa kopo na kisitoke hata chembe cha ziada. Yeye alijaza mpaka unga ukafanya kichuguu, kisha akachota tena kwa vidole vitatu na kudondosha juu yake, akimwambia mnunuzi kwamba hiyo ni nyongeza. Nilikaa pembeni yake kila likizo nikifunga vifurushi kwa karatasi za magazeti, na sikumbuki hata mara moja akinieleza kwa nini anafanya hivyo. Hakuwahi kuninasihi juu ya uaminifu katika biashara. Leo mimi ni mtu mzima, nina watu ninaowalipa na wengine wanaonilipa, na kila ninapofika mahali pa kukata kwa kiganja, navikumbuka vile vidole vitatu. Siku ambazo nimekata, kwa kuwa zipo, nimehisi kama kwamba mtu ameketi pembeni yangu akifunga vifurushi na kutazama.

Nimemtaja bibi yangu baada ya Siti kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya watu waliotujenga, huwa tunapanga safu mbili, moja ya watu mashuhuri na nyingine ya watu wa nyumbani, tukidhani kwamba wanafanya kazi mbili tofauti. Naona ni kazi moja. Kwa wote wawili, kilichopita kutoka mkono hadi mkono ni namna ya kufanya jambo, iliyorudiwa mara nyingi mbele ya macho ya mtu mwingine mpaka ikawa ya mtu huyo. Ndiyo maana nina mashaka na biashara kubwa ya hamasa iliyoenea katika miji yetu, ambapo vijana hulipa kiingilio kusikiliza mtu mwenye suti akiwaambia waamini ndoto zao. Msemaji anaweza kuwa mtu mwema na maneno yake yakawa ya kweli. Tatizo ni kwamba anachokionyesha mbele ya hadhira ni ustadi wa kuzungumza tu. Kama kweli alijenga biashara ya kuku, basi vijana wale wangemfaidi zaidi kwa wiki moja katika banda lake, wakimwona akipima chakula, akitenga kuku waliougua, akiandika hesabu ya mayai yaliyovunjika, kuliko kwa jioni tatu ukumbini.

Na hapa Shaaban Robert anastahili neno. Mshairi huyo wa Tanga alikutana na Siti si muda mrefu kabla ya kufariki kwake, akaandika wasifu wake. Katika kipindi ambacho habari za maisha zilizoonekana kustahili kuandikwa zilikuwa za masultani, wavumbuzi na maliwali, mwandishi mkubwa wa Kiswahili alichukua kalamu kuandika juu ya mwimbaji aliyezaliwa Mtumwa, na akaona jambo hilo ni la heshima kwake. Bila kazi hiyo, sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu miaka ya Fumba ingekuwa imezikwa pamoja na waliomfahamu. Tunahitaji watu wa kutuvutia, lakini tunahitaji pia watu wenye bidii ya kwenda kuwauliza wazee wakiwa bado wana pumzi ya kujibu. Ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kukaa na mkunga wa mtaa wao, au fundi wa majahazi, au mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefundisha vizazi vitatu, wakaandika walau kurasa kumi?

Jina la Siti lilipata kazi nyingine miaka 37 baada ya kifo chake. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, TAMWA, na walipotafuta jina la jarida lao hawakwenda mbali: waliliita Sauti ya Siti. Sidhani kwamba uamuzi ule ulikuwa wa mapambo. Waandishi wale walikuwa wanakwenda kufanya kile ambacho baraza ya Ng'ambo ilikifanya, yaani kuchukua kisa cha mwanamke aliyepigwa, aliyebakwa au aliyenyimwa haki, kukitoa katika minong'ono na kukisema kwa sauti mpaka wenye mamlaka wakose pa kujificha. Kampeni za chama hicho na wenzake zilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana. Kati ya wimbo wa Kijiti na sheria hiyo kuna takriban miaka 70 na watu wengi ambao hawakuwahi kukutana, wanasheria, wahariri, wabunge, wanawake waliokubali kusimulia yaliyowapata. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuwa na sauti nzuri ya kuimba.

Nimewahi kuulizwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi jinsi ya kuwafundisha watoto habari za watu mashuhuri bila kuwachosha kwa tarehe, naye alikuwa na somo la Siti binti Saad wiki iliyofuata. Alikuwa amekwisha kuandaa picha na wimbo wa kuwachezea kwenye simu. Nilimwambia kwamba vyote viwili ni vizuri na avitumie, lakini siku ya kwanza aingie darasani na bonge la udongo, aliweke mezani, awape kila mmoja kipande chake na kuwaambia watengeneze kikombe. Vingi vitapasuka wakati wa kukauka. Awaache wavitazame vilivyopasuka, wakande tena, na siku ambayo angalau vikombe vichache vitakuwa vimesimama, ndipo awaeleze kwamba alikuwapo msichana Fumba aliyeijua kazi hii vizuri kuliko wao wote, na kwamba vikombe vyake alivibeba kichwani hadi mjini huku akiimba.